Treni ya Saa Tisa Ikikuacha Miritini: Mwongozo Kamili wa Kuipata Jioni ya Mombasa Kabla ya Treni ya Usiku

Kila shule zikifungwa napigiwa simu na mtu aliyesimama Miritini, stesheni ya treni ya Mombasa, sauti imemkauka, treni imeshaondoka. Nikimuuliza siku nyingine aliipitishaje ile jioni, majibu huwa mawili tu. Kuna waliokaa kwenye viti vya stesheni kutwa, simu ikawazimikia mkononi, wakafika Nairobi wamechoka na wamenuna. Na kuna waliokimbilia mjini kutaka kuona kila kitu, Fort Jesus, feri ya Likoni, Nyali na Kongowea, kisha wakarudi mbio wakitokwa jasho. Namjua mmoja aliyeachwa na treni mbili siku moja.

Yote hayo mimi nimeyafanya. Mara ya kwanza nilikaa, mara ya pili nilikimbia. Mara ya tatu ndipo nilipoipata jioni ambayo mpaka leo naikumbuka kwa furaha, na tangu hapo nimewaelekeza wengi. Bado naona wanakosea palepale, ndiyo maana nimeamua kuyaandika yote kwa utaratibu.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeachwa na treni ya saa tisa alasiri itokayo Mombasa kwenda Nairobi, naye anataka kupanda ile ya saa nne usiku. Walioachwa na ya asubuhi nimewawekea maelezo yao chini ya Hatua ya 3.

## Vitu unavyohitaji

Vingi unavyo tayari, maana ulikuwa safarini. Hakikisha unavyo mkononi, si chini ya sanduku.

- Kitambulisho au pasipoti, ileile uliyokatia tiketi.
- Simu yenye chaji. Kama iko chini ya nusu, ichaji stesheni unaposhughulikia tiketi, au uwe na pawabanki.
- Salio la M-Pesa la kutosha tiketi mpya, na akiba juu yake.
- Pesa taslimu za noti ndogo na sarafu. Muuza kahawa hawezi kukuvunjia noti ya elfu.
- Chupa ya maji.
- Leso au kikoi. Utakalia, utajifunika ukipita mitaa ya Mji wa Kale, na usiku utajifunika tena ndani ya treni, maana behewa hupoa sana.
- Viatu unavyoweza kutembea navyo. Kama umevaa vya kisigino, vitoe sasa.

Kisichohitajika ni orodha ya mahali pa kutembelea. Kama umeshaanza kuitafuta kwenye simu, iache kwanza.

## Hatua ya 1: Soma tiketi upya

Usicheke, hatua hii imeokoa watu. Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu na sisi tunaishi kwa saa za Kiswahili, na katikati ya hizo mbili ndipo wengi wanapopotelea. 08:00 ni saa mbili asubuhi. 15:00 ni saa tisa alasiri. 22:00 ni saa nne usiku.

Nimemwona mama mmoja analia getini saa kumi na robo jioni, ameshika tiketi ya 22:00. Aliisoma "10" akaifanya saa kumi. Treni yake ilikuwa bado saa sita kasoro robo mbele. Kama na wewe ni hivyo, shukuru Mungu, ruka Hatua ya 2 uendelee na ya 3.

Angalia na tarehe pia. Tiketi ya kesho huonekana sawasawa na ya leo mtu akiwa na haraka.

## Hatua ya 2: Tiketi kwanza, mengine baadaye

Usitoke stesheni bila kiti cha usiku. Kosa lililowaumiza wengi ni kudhani tiketi itanunuliwa "nikirudi". Karibu na sikukuu na shule zinapofungwa au kufunguliwa, viti vya treni ya usiku huisha mapema, na ukirudi saa mbili usiku unaambiwa imejaa.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Kwanza, jaribu kwa simu hapohapo uliposimama, kwa *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli. Simu haina foleni, na watu wengine walioachwa pamoja nawe wanavitafuta viti hivyohivyo.

Pili, simu ikikataa, nenda dirishani. Msalimie mhudumu kabla hujaeleza shida yako. Yeye hakuifunga treni, na siku nzima amesikilizana na watu waliokasirika. Muulize pia kuhusu tiketi yako ya zamani, lakini bajeti yako ifanye kana kwamba pesa ile imekwenda. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kwa safari nzima ni Sh1,500, na daraja la kwanza Sh4,500.

Tatu, hakikisha jina na namba ya kitambulisho viko sawa, kisha piga picha ya ujumbe wa tiketi. Simu ikizima jioni, picha hiyo iwe pia kwa mtu wako wa Nairobi, umtumie.

Huyo mtu wa Nairobi mpigie sasa hivi. Mwambie utafika kabla ya alfajiri, si saa mbili usiku. Ukichelewa kumwambia atakwenda kukungoja Syokimau, stesheni ya Nairobi, usiku bure, na wewe utaitembea Mombasa yote ukiwa na deni moyoni.

Utajua umefaulu hapa ukiwa na ujumbe wa tiketi ya 22:00 kwenye simu na hakuna mtu duniani anayekungoja saa ile ya kwanza. Pumzi itashuka yenyewe.

Na kama kiti cha usiku hakipo? Basi mwongozo huu si wako leo. Tafuta basi la usiku au pa kulala, uondoke kesho.

## Hatua ya 3: Hesabu kutoka mwisho kuja mwanzo

Hapa ndipo siku inapojengwa. Watu huhesabu mbele: "Nina saa saba!" Huna saa saba. Hesabu kinyumenyume.

Treni inaondoka saa nne kamili usiku. Stesheni uwepo saa mbili na nusu, kwa sababu mizigo hupangwa chini ikaguliwe na mbwa, kisha kuna mashine, kisha kitambulisho, na milango hufungwa kabla ya treni kuondoka. Kutoka mjini hadi Miritini jioni ni safari isiyotabirika: malori ya bandarini, Changamwe, Jomvu. Kwa hiyo mjini utaondoka saa moja na robo, usizidishe.

Upande wa huku, ukimaliza tiketi na mizigo itakuwa kama saa kumi. Mjini utafika saa kumi na moja kasoro robo.

Kilichobaki katikati ni saa mbili na nusu.

Hazitoshi mji. Zinatosha mahali pamoja, ukae kitako. Ukikubali hesabu hii mapema hutakimbia jioni yote. Tega kengele ya simu saa moja kamili usiku, ili akili isiwe na kazi ya kuchunga saa.

Kama umeachwa na ya saa mbili asubuhi: una njia mbili. Ukichukua treni ya saa tisa, unabaki na saa mbili na nusu vilevile, kuanzia saa nne hadi saa sita na nusu, lakini jua ni kali na wazee wa barazani hawajatoka. Mimi ningechukua ya usiku kama hakuna kinachonilazimisha kufika mapema, nikapumzika mchana mahali penye kivuli, kisha nikaufuata mwongozo huu kuanzia saa kumi.

Kama umeachwa na ya saa nne usiku: hakuna matembezi. Tafuta kitanda.

## Hatua ya 4: Malizana na mzigo

Mzigo ndio unaoamua jioni yako itakuwaje, kuliko hata pesa.

Begi la mgongoni moja, nenda nalo. Livae mbele ukiwa kwenye matatu na katika msongamano.

Sanduku la magurudumu ni shida. Vichochoro vya Mji wa Kale vina mawe na mifereji, na sanduku hupiga kelele mtaa mzima ukageuka kukutazama. Uliza stesheni kama wanapokea mizigo ya kuhifadhi siku hiyo. Kama sivyo, kuna njia mbili zilizonifaa. Rafiki au jamaa wa mjini, hata wa mbali, ambaye duka au ofisi yake iko karibu na Posta. Au gesti ya karibu na Mji wa Kale, ukalipia chumba kwa jioni, ukapata na bafu. Maji ya kuoga baada ya kuachwa na treni ni dawa, sisemi kwa mzaha.

Kama mko wawili na mizigo ni mingi, msigawane mmoja akae na mizigo stesheni mwingine atembee. Atakayebaki atanuna. Chukueni tuktuk, mwende nayo yote Mama Ngina Drive (nimeieleza chini), mkae kwenye benchi moja na mizigo miguuni.

Tahadhari: usimwachie mgeni begi lako, hata kama ana uso wa ibada.

## Hatua ya 5: Ingia mjini bila haraka

Nje ya stesheni kuna matatu za mjini. Uliza, "Hii inafika Posta?" na nauli uijue kabla hujakaa. Teksi za programu za simu zipo pia, na kama mko watatu au wanne mkichanga gharama hupungua. Bodaboda sikushauri kwa barabara ile ya malori.

Kaa upande wa dirisha. Mkipita Makupa, fungua kidogo upate upepo wa chumvi. Hapo ndipo mwili unapoanza kuelewa kwamba haupo safarini tena.

Shuka Posta, Digo Road. Ukishuka usimfuate mtu anayekuambia "twende nikuonyeshe". Mwambie, "Ahsante kaka, naijua njia," uendelee.

## Hatua ya 6: Mji wa Kale kwa miguu, njia moja tu

Kutoka Posta shika Nkrumah Road uelekee baharini, upite Treasury Square penye miti mikubwa, mpaka uone kuta za Fort Jesus. Ni mwendo wa dakika kumi na kitu, usiotoa jasho.

Fort Jesus leo usiingie. Najua inauma, upo mlangoni kabisa. Lakini jumba lile linataka saa mbili peke yake, na jioni hufungwa. Ukiingia utatoka umeziona kuta, na hutauona mtaa ulio hai uliojengwa pembeni yake. Liwekee siku ya kupanga.

Ukiwa umelipa kisogo lango la ngome, ingia Ndia Kuu. Ndia ni njia kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, na mtaa wenyewe ni mwembamba licha ya jina lake. Hapa punguza mwendo mpaka uone aibu, kisha punguza tena.

Tazama juu. Roshani za mbao zimetokeza juu ya njia, nyingine zimeegemea kama zinasikiliza. Tazama milango ya nakshi, mingine imepakwa rangi, mingine imebaki na mti wake. Usiguse bila kuomba, ni mlango wa nyumba ya mtu. Paka watakuwa wamelala kila ngazi.

Njia inayokwenda sambamba nayo ni Mbarak Hinawy Road, na huko ndiko uliko Msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe uliochongoka kuelekea juu. Ukifika hapo umeshasogea kabisa karibu na bandari ya zamani. Endelea mbele utokee kiwanjani penye bandari hiyo. Maji yale unayoyaona ni mkono wa bahari unaotenga kisiwa na Nyali. Kama maji yamejaa, vyombo vinaelea karibu. Yakiwa yamekupwa, utaona miamba na harufu ya mwani itakupanda puani. Zote mbili ni nzuri. Simama hapo kwa muda.

Adabu za mtaa, na nazisisitiza kwa sababu wageni wengi wanaharibu hapa:

Salimia. Kundi la wazee liambie "Asalamu alaykum" au "Masalkheri, wazee." Mwanamke mtu mzima muite "mamangu" au "bi". Ukipita kimya mbele ya baraza unaonekana mwenye kiburi. Ukisalimia unakuwa mgeni.

Jifunike mabega na magoti. Hapa ndipo leso inapofanya kazi.

Usimpige mtu picha bila ruhusa, hasa wanawake na watoto. Milango piga, roshani piga, bahari piga. Mtu uliza, na akikataa sema ahsante. Kamera ikae mbali pia na shughuli za bandari na feri.

Saa ya swala usisimame mlangoni pa msikiti ukitazama ndani. Wapishe wanaoingia.

Utajua umefaulu katika hatua hii kama hujui umetembea dakika ngapi na hujafungua ramani zaidi ya mara moja. Ukipotea hakuna neno, eneo ni dogo. Shuka upande wa bahari au panda upande wa kelele za magari, utatokea tu.

## Hatua ya 7: Kaa kitako

Hii ndiyo hatua niliyoikosa mara mbili, na ndiyo inayofanya siku nzima iwe ya maana.

Jua likianza kulegea, wauza kahawa hutoka. Utawajua kwa dele la shaba lenye makaa chini yake na mlio wa vikombe vidogo vikigonganishwa. Pembeni kuna kashata, au haluwa ya kukatwa. Tafuta baraza lenye watu wanne watano, salimia, agiza kahawa. Ni tungu, ina tangawizi, kikombe hakizidi mafundo matatu. Usiagize sukari. Kula kashata, kisha kunywa, kisha kashata.

Ukiulizwa unatoka wapi, sema kweli: "Nimeachwa na treni."

Neno hilo ni ufunguo. Mara ile ya tatu nililisema kwa unyonge, na mzee mmoja mwenye kofia ya vito akasogea akapapasa jiwe la baraza kwa kiganja. "Pole, mwanangu. Kaa kitako. Treni haina miguu ya kukurudia, ila kahawa ipo." Nikakaa. Wenzake walikuwa wanabishana kuhusu upepo, kama kusi imeanza kweli au ni mvua tu inajidai. Nilisikiliza zaidi ya nusu saa bila kutia neno. Kijana akapita na samaki kwenye baiskeli, wakamuuliza bei, wakaikataa, akacheka akaendelea. Hakuna lililotokea. Sijawahi kupumzika vile katika mji niliokuwa nikiupitia kila mwaka.

Sababu ya kukaa mahali pamoja ni hiyo. Mtaa wa Mji wa Kale haujionyeshi kwa anayepita, ila kwa aliyetulia. Dakika ishirini za kwanza utaona uchovu wako mwenyewe. Baada ya hapo ndipo unapoanza kuona watu.

Maelekezo machache:

- Mlipe muuza kahawa kabla hujaondoka, na kama mtu wa barazani amekulipia, usigombane naye. Sema "Ahsante, Mungu akuzidishie."
- Siasa na dini usizianzishe wewe.
- Simu iweke mfukoni. Kengele ya saa moja umeshaitega.
- Kama wewe ni mwanamke na baraza ni la wanaume watupu, si lazima uketi hapo. Kina mama wengi huuza vitafunio milangoni jioni, viazi karai, bajia, kaimati. Nunua, omba ruhusa ya kukaa kidogo. Mazungumzo ya pale mara nyingi ni matamu kuliko ya wanaume.

Karibu saa kumi na mbili na nusu utasikia adhana ya magharibi, kwanza msikiti mmoja, kisha mwingine, kisha yote. Mtaa unanyamaza, wengi wanaondoka kwenda kuswali. Kama unaswali, nenda nao. Kama huswali, baki ulipo, usiongee kwa sauti.

## Hatua ya 8: Kula, lakini kula kwa akili

Baada ya magharibi una kama dakika arubaini. Kula sasa, kwa sababu stesheni utakuwa na foleni na ndani ya treni utataka kulala.

Mishkaki, viazi karai na ukwaju, muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, dafu. Chagua penye watu wengi na chakula kinachotoka jikoni mbele ya macho yako. Usiku una safari ya saa kadhaa, kwa hiyo pilipili iwe kiasi na maji ya mfereji usinywe.

Zawadi ya Nairobi iwe haluwa, au leso ukiwahi maduka ya Biashara Street, ambayo hufunga mapema jioni. Kisu cha nakshi usinunue, kitanyang'anywa kwenye ukaguzi.

## Mahali pengine, kama Mji wa Kale haufai siku hiyo

Sioni haja ya kurefusha hapa, maana pa kwenda badala yake ni mahali pamoja tu: Mama Ngina Drive. Palitengenezwa upya mwaka 2019, pana viti, njia pana na mibuyu mikubwa. Nenda huko kama una watoto wadogo, mizigo mingi, mzee asiyeweza kutembea, au umefika mjini umechelewa kupita saa kumi na moja na nusu. Nunua muhogo na madafu, kaa uelekee mlango wa bahari wa Kilindini. Meli za makontena hupita karibu kiasi kwamba watoto huzipungia mkono. Kwenye miamba usishuke, mawimbi ya pale huvuta. Giza likiingia kaa sehemu yenye taa na watu.

Mwezi wa Ramadhani mambo hubadilika: mchana Mji wa Kale vyakula huwa havipo wazi, nawe usile wala kunywa njiani. Lakini subiri adhana ya magharibi, meza zikitoka mitaani, utashukuru kwamba treni ilikuacha.

Feri ya Likoni, ingawa waendao kwa miguu hawalipi, jioni usiiguse. Kuanzia saa kumi na moja watu wa kazini wanarudi nyumbani, msongamano ni mkubwa, na hutajua utarudi upande wa pili saa ngapi. Huko ndiko nilikokaribia kuikosa treni ya usiku ile mara ya pili.

Mvua za masika, Aprili na Mei, ongeza dakika arubaini na tano kwenye muda wa kurudi. Barabara hujaa maji na magari hayasogei.

## Hatua ya 9: Ondoka kengele ikilia

Kengele ya saa moja ikilia, aga. Waage wenyeji uliokaa nao, usitoroke. "Nawaaga, wazee, nisije nikaachwa na ya pili." Watakuombea safari njema.

Saa moja na robo uwe kwenye chombo. Kama ni matatu, hakikisha inafika stesheni yenyewe, si Changamwe pekee. Kama saa moja na nusu hujapata matatu, chukua teksi bila kujadiliana na nafsi yako. Kiasi cha teksi ni kidogo kuliko tiketi ya tatu.

Ukikwama kwenye foleni ya magari, usiteremke kutembea na begi usiku kando ya malori. Ndiyo maana tulijiwekea saa moja na nusu ya akiba kati ya kufika na treni kuondoka.

Stesheni: mizigo chini kwa ukaguzi, mashine, tiketi, kitambulisho. Jaza chupa yako ya maji, nenda msalani sasa, kisha kaa karibu na mlango wa daraja lako.

Utajua umefaulu ukiwa umeketi ukumbini saa mbili na nusu, miguu imechoka kidogo, mdomoni bado kuna ladha ya tangawizi, na unawatazama wanaoingia mbio.

## Hatua ya 10: Usiku ndani ya treni na kufika

Leso toka nayo mapema, begi la thamani liwe miguuni au mapajani, si juu. Chaji simu mara tu unapokaa, kwa sababu utaihitaji ukifika. Tega kengele ya saa tisa usiku.

Treni itakushusha Nairobi kabla ya alfajiri, na Syokimau saa hizo ni baridi kwa mtu aliyetoka pwani. Usitoke nje kutafuta gari gizani. Baki ukumbini penye taa, muulize mhudumu saa ya treni ya kuunganisha inayowapeleka abiria hadi stesheni ya katikati ya jiji. Kama mtu wako anakuja kukuchukua, akukute ndani. Kashata iliyobaki mpe yeye.